Maswali ya wasomaji: kinywaji kimoja, matawi saba, ladha saba

SWALI: Ndugu mshauri, ninasimamia vinywaji katika migahawa saba ya mmiliki mmoja. Matawi yote yana orodha moja ya vinywaji, yanapokea bidhaa kutoka ghala moja, na nyuma ya kila kaunta imebandikwa karatasi ileile ya maelekezo. Hata hivyo, wateja wanaotembelea zaidi ya tawi moja wananiambia kwamba maji ya limau ya tawi la pili yanakata kiu kama inavyotakiwa, ilhali ya tawi la tano ni kama maji yaliyosuuzia bilauri. Kahawa ya tawi la kwanza inasifiwa, ya tawi la sita inaachwa nusu kikombeni. Mwaka huu nimerudia mafunzo mara tatu na nimewahamisha wahudumu wawili. Kila mara tofauti hupungua kwa wiki moja au mbili, kisha hurudi. Nianzie wapi? — Msimamizi wa vinywaji

JIBU: Ndugu msimamizi, katika barua yako sehemu iliyonishika zaidi ni pale unaposema kwamba tofauti hupungua kwa wiki moja au mbili, kisha hurudi. Mtu asiyejua kazi hawezi kuijua kwa wiki mbili kisha akaisahau. Akiiweza kwa wiki mbili, basi anaijua. Nadhani linalotokea ni kwamba katika siku zile ambazo msimamizi yupo karibu, mhudumu huonja, hurekebisha, humwaga kilichoharibika na kuanza upya, yaani huziba kwa juhudi zake kasoro ambazo hakuzileta yeye. Macho yakiondoka, juhudi hulegea, na kasoro huonekana palepale zilipokuwa. Kwa hiyo waache wahudumu kwa sasa, na hao wawili uliowahamisha, ikiwa bado unao, wanastahili kuombwa radhi. Tafuta vile vinavyobaki tawini hata mtu akiondoka: maji, barafu, vyombo vya kupimia, mashine, na hiyo karatasi ya ukutani.

Nianze na karatasi. Ibandue, uisome kana kwamba hujawahi kukanyaga jikoni, na kila penye maneno kama “kikombe”, “kijiko”, “kiasi” au “hadi ikolee”, piga mstari. Sitashangaa nikiambiwa kwamba shira yenu ya sukari imeandikwa “kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji”. Kikombe cha mililita 250 kikijazwa maji hubeba gramu 250, lakini kikijazwa sukari nyeupe ya kawaida hubeba takriban gramu 210 tu, kwa kuwa kati ya punje na punje kuna hewa. Shira hiyo itakuwa na sukari ya asilimia 46 hivi. Mhudumu wa tawi jingine, ambaye alifundishwa na mtu mwangalifu, anapima kwa mizani gramu sawa kwa gramu sawa, na shira yake ina asilimia 50. Wa tatu anatikisa kikombe ili sukari ishuke, kisha anaongeza nyingine juu. Wa nne anaisahau sufuria motoni kwa dakika kumi huku akihudumia meza, maji yanapungua kwa mvuke, na shira inazidi kukolea. Wote wanne wameitii karatasi.

Dawa yake ni kuandika kila kitu kwa gramu na kununua mizani saba za aina moja. Mizani inayosoma gramu moja moja inatosha kwa shira. Kwa kahawa tafuta inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Pamoja nazo nunua refraktomita, yaani kile kifaa kidogo kinachopima jinsi mwanga unavyopinda unapopita katika tone la kimiminika, na hivyo kukuonyesha sukari iliyoyeyuka kwa digrii za Brix. Digrii moja ni gramu moja ya sukari katika kila gramu 100 za kimiminika, kwa hiyo shira ya sawa kwa sawa sharti isome 50. Angalia kabla ya kulipa, kwa maana nyingi za bei nafuu zinazoshikwa mkononi huishia 32. Ukijikuta umeshanunua hiyo, usiitupe: changanya shira na maji ya uzito uleule, upime mchanganyiko, na hesabu inayotakiwa itakuwa 25. Iache shira ipoe kwanza, kwani kifaa kimepangwa kwa nyuzi 20 na shira ya moto hukidanganya. Kila asubuhi weka tone la maji yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa kuwa maji tena, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri na pasi, uhakikishe kinasoma sifuri.

Limau lenyewe lina tabia ya kubadilika, nalo halitatii mizani. Uchachu wa tunda hutofautiana kwa msimu, kwa kuiva na kwa mti, na juisi iliyokamuliwa asubuhi haina harufu ileile ifikapo jioni. Kila tawi likikamua matunda yake, mtapata juisi saba. Ninapendelea juisi ikamuliwe mahali pamoja, matunda mengi yachanganywe katika chombo kimoja kikubwa ili makali ya haya yapozwe na upole wa yale, ndipo igawanywe katika chupa zenye saa ya kukamuliwa. Ikiwa umbali hauruhusu, basi kila tawi likamue, lakini juisi ionjwe dhidi ya sampuli ya rejea, yaani juisi moja mliyokubaliana iwe kipimo cha wote, kabla ya kuchanganywa. Refraktomita haitakusaidia sana hapa, kwa sababu inahesabu kila kilichoyeyuka, sukari na asidi pamoja, bila kukuambia kipi ni kipi.

Sasa barafu, ambayo ndiyo ninayoishuku zaidi katika tawi lako la tano. Niliwahi kusimamia vinywaji katika kampuni ambayo tawi lake moja lilikuwa na lawama hiyohiyo. Tulibadilisha malimau, tukabadilisha shira, tukambadilisha hata mhudumu. Siku moja nilisimama nyuma ya kaunta tangu kufunguliwa kwa mlango, nikachota kichoteo kimoja cha barafu, na badala ya kukimimina katika bilauri nikakimimina katika chujio la juisi lililokuwa juu ya kikombe cha kupimia. Maji yalidondoka, tik tik, hadi yakafika mililita 35. Tulipoinua barafu yote tukakuta tundu la kutolea maji chini ya sanduku limezibwa na kipande cha lebo ya chupa, na barafu ilikuwa ikikaa ndani ya maji yake yenyewe kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuutaja. Kila bilauri ya mililita 300 ilikuwa ikipewa zaidi ya asilimia 10 ya maji kabla mteja hajaishika. Yule mhudumu aliyebadilishwa hakurudi.

Hata barafu isiyolowa maji ina hesabu yake. Barafu hupoza kinywaji kwa kuyeyuka. Kila gramu inayoyeyuka huchukua jouli 334 za joto, na maji yake hubaki humohumo. Kinywaji cha gramu 300 kilichokuwa kaunta kwenye nyuzi 25, nikikihesabu kama maji, kinahitaji gramu 94 hivi za barafu ziyeyuke ili kifike nyuzi 0. Kinywaji hichohicho kikitoka jokofuni kwenye nyuzi 5 kinahitaji gramu 19 tu. Tofauti hiyo ya gramu 75 ni robo nzima ya kinywaji. Ndiyo maana tawi linaloweka jagi la maji ya limau juu ya kaunta na tawi linaloliweka jokofuni hayatauza kitu kimoja, hata kama yalichanganya kutoka katika sufuria moja. Andika katika karatasi yako nyuzi ambazo kinywaji kiwe nazo kabla ya kukutana na barafu, na uzito wa barafu kwa bilauri. Ukipata nafasi, tazama pia umbo la barafu: vipande vidogo na vyembamba huyeyuka upesi kuliko vipande vikubwa, na matawi yenye mashine za aina mbili hayawezi kutumia kichoteo kimoja yakatarajia jibu moja.

Kuhusu kahawa ya tawi la sita, ningeanzia bombani. Kahawa ya kuchuja ni maji kwa zaidi ya asilimia 98, na hakuna ghala litakalokupelekea maji. Wataalamu wa kahawa hupendekeza maji yenye ugumu, yaani madini ya kalisiamu na magnesiamu yaliyoyeyuka, wa kati ya miligramu 50 na 175 kwa lita, ukihesabiwa kama kalisiamu kaboneti. Maji laini mno hutoa kahawa nyembamba na yenye uchachu mkali. Maji yenye bikaboneti nyingi humeza uchachu wa kahawa ukapooza, na juu ya hayo huacha ukoko mweupe wa chokaa ndani ya mashine unaoibadilisha joto. Klorini ya maji ya bomba ina harufu yake, lakini hiyo huondolewa na chujio la kaboni, mradi chujio libadilishwe kulingana na lita zilizopita ndani yake. Tarehe iliyoandikwa ubavuni haijui kama tawi limeuza vikombe mia moja au elfu kwa siku.

Usikisie, jaribu. Chukua lita 10 za maji ya tawi la kwanza, uyapeleke tawi la sita, utengeneze kahawa hukohuko kwa mashine na mhudumu wa hukohuko. Ikiwa kahawa imepona, umempata mwenye hatia kwa nusu siku bila kugombana na mtu. Ikiwa haikupona, rudisha maji ya pale na ubadilishe kahawa iliyosagwa, kisha mashine, kila mara kitu kimoja tu. Wasimamizi wengi hubadilisha vitu vitatu kwa pamoja kwa sababu ya haraka, kinywaji kinatengenea, na mwezi ujao kikiharibika hawajui ni kipi kati ya vile vitatu kilichokuwa kimekitengeneza.

Kinu cha kusagia kinahitaji neno moja zaidi. Kuweka vinu vyote kwenye namba 5 hakuna maana, kwa sababu namba ya kinu kimoja hailingani na ya kingine, na meno huchakaa kadiri kahawa inavyopita. Linganisha matokeo: gramu 55 hadi 60 za kahawa kwa lita moja ya maji yaliyo kati ya nyuzi 90 na 96, na muda uleule wa maji kupita, kila tawi likirekebisha namba ya kinu chake hadi muda ulingane. Tawi lililo juu mlimani lina sharti lake pia. Maji huchemka kwa nyuzi 1 chini takriban kwa kila mita 300 za kupanda, hivyo kwenye mita 1,500 huchemka karibu na nyuzi 95. Kwa kahawa hilo si tatizo. Kwa chai nyeusi, inayopenda maji yanayotokota, itakubidi uongeze muda wa kuiva.

Ukishasawazisha haya, thibitisha kwa ulimi, lakini kwa ulimi usiojua jibu. Waandalie watu 12 vikombe vitatu vitatu visivyo na majina, viwili kutoka tawi moja na kimoja kutoka tawi jingine, kila mmoja akitakiwa kutaja kilicho tofauti. Badilisha mpangilio wa vikombe kati ya mtu na mtu. Kwa kubahatisha tu, wanne kati yao watapatia. Wakifika wanane au zaidi, tofauti ipo kweli na kazi haijaisha. Wakiwa watano au sita, matawi yako mawili yamekaribiana kiasi kwamba ningehamia kwenye shida nyingine. Jaribio hili lina faida ya kuwanyamazisha wale wanaodai kuonja tofauti kwa sababu tu wameambiwa kinywaji kimetoka tawi la tano.

Kuhusu ukaguzi wa kila siku, najua utashawishika kutengeneza fomu ndefu. Nimezipitia fomu hizo: vipengele 40, alama zote zimewekwa kwa wino mmoja, kwa mkono mmoja, zikilalia upande mmoja, yaani zote zilijazwa mwisho wa zamu mtu akiwa ameshavaa viatu vya kurudi nyumbani. Omba namba tatu tu kila asubuhi: Brix ya shira, nyuzi za jagi jokofuni, na muda wa kahawa ya kwanza kupita. Namba ni ngumu kutunga kuliko alama ya vyema, na namba ambayo haibadiliki hata kidogo kwa mwezi mzima itakuonyesha yenyewe kwamba haipimwi.

SWALI: Mgahawa wetu una matawi manne yenye mashine za soda zinazochanganya shira na maji ya gesi. Katika tawi moja soda huwa nzuri asubuhi, lakini ifikapo saa za msongamano inatoa povu jingi na mdomoni imekufa. Fundi ameongeza presha ya gesi mara mbili, na naona hali imezidi. Vilevile, soda isiyo na sukari tunaipimaje ikiwa refraktomita haioni kitu? — Meneja wa tawi

JIBU: Ndugu meneja, mwambie fundi arudishe presha ilipokuwa, kisha aweke kipimajoto katika kikombe cha kwanza na cha ishirini. Gesi ya kaboni dioksidi hukaa katika maji baridi na hukimbia maji yenye joto: kwa presha ya kawaida ya hewa, lita moja ya maji ya nyuzi 0 hubeba takriban lita 1.7 za gesi hiyo, na kwenye nyuzi 20 hubeba karibu lita 0.9, yaani nusu. Mashine nyingi hugandisha ukuta wa barafu ndani yake wakati wa usiku, na ukuta huo ndio unaopoza soda ya mchana. Tawi likiuza kwa kasi kuliko mashine inavyoweza kugandisha, ukuta huisha, maji hupanda joto, na gesi yote hutoka kama povu palepale kwenye mdomo wa mashine. Mhudumu anasubiri povu litulie, anajazia tena, na kilichobaki ndani ya bilauri ni shira na maji. Kuongeza presha kunasukuma gesi zaidi ndani ya maji ambayo hayawezi kuishika. Angalia kama matundu ya hewa ya mashine yamejaa vumbi, kama imesukumwa hadi ukutani ikakosa pa kupumulia, au kama imepangwa jirani na jiko. Mara nyingi ni hilo la kusukumwa hadi ukutani, na kuivuta mashine mbele kwa kiganja kimoja hakugharimu kitu.

Kwa kuwa presha imeguswa, uwiano nao lazima upimwe upya, maana mtiririko wa maji ukibadilika na shira ikabaki palepale, kinywaji kimeharibika kwa njia ya pili. Uwiano wa kawaida wa mashine hizi ni sehemu 5 za maji kwa sehemu 1 ya shira, lakini fuata ulioandikwa kwenye sanduku la shira. Kwa soda ya sukari unaweza kutumia refraktomita. Kwanza imimine kutoka kikombe hadi kikombe mpaka gesi iishe, kwani viputo huvuruga kipimo, na uichukue bila barafu. Nyingi husoma kati ya digrii 10 na 13. Kwa isiyo na sukari, pima ujazo moja kwa moja. Mafundi wana kifaa kidogo kinachowekwa kwenye mdomo wa mashine ili kutenganisha njia ya shira na ya maji. Fungua kwa sekunde chache, kinga kila kimoja katika kikombe chake chenye mistari, na ulinganishe. Maji mililita 250 kwa shira mililita 50 ni sawasawa. Ukipata shira 40, uwiano ni zaidi ya 6 kwa 1, na mteja wa soda isiyo na sukari, ambaye kwa uzoefu wangu ndiye mwepesi kuliko wote kutambua, atakuwa ameshaacha kuiagiza bila kulalamika.

SWALI: Je, mhudumu mwenye uzoefu wa miaka mingi aruhusiwe kurekebisha kinywaji kwa kuonja, au afuate vipimo tu? — Msomaji

JIBU: Aruhusiwe kuonja, na aruhusiwe kukataa. Kurekebisha kimyakimya ndiko ninakokupinga, kwa sababu akiongeza shira kidogo ili kufidia limau kali, kinywaji cha leo kimepona lakini hakuna mwingine anayejua kwamba limau lilikuwa kali, na zamu inayofuata itauza kinywaji kibaya kwa vipimo sahihi. Tena ulimi una udhaifu wake: ukionja vitu vitamu mfululizo huzoea utamu, na kinywaji baridi sana huonekana kuwa na sukari pungufu kuliko kilichopoa kidogo. Aonje mara mbili kwa zamu, mara moja kabla ya kufungua na mara moja katikati, akisuuza kinywa kwa maji, na jagi likiwa kwenye nyuzi zilezile kila mara. Akiona kasoro, aandike saa na alichokiona, apige simu ghalani, na jagi limwagwe kwa hesabu ya kampuni bila kugusa mshahara wake.